Nyota changa na eksirei katika Nebula ya Jabari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza zaidi wakisikia kwamba nyota changa hutoa eksirei kwa wingi kuliko Jua letu. Karibu majibu yote yanatumia mfano mmoja, nao ni fungunyota lililomo ndani ya Nebula ya Jabari, katika kundinyota ambalo kwa Kilatini huitwa Orion. Hakuna fungunyota changa lililochunguzwa kwa eksirei kwa kina kama hili. Tena yaliyogunduliwa humo yanatuhusu sisi wenyewe, kwa kuwa Jua nalo lilipitia utoto wa namna hiyo.

Fungunyota hili liko wapi? Naweza kuliona?

Unaweza, tena kwa macho matupu. Jioni za kuanzia Desemba hadi Machi tafuta nyota tatu angavu zilizojipanga mstari mmoja, ndio mshipi wa Jabari. Karibu na mshipi kuna nyota hafifu zinazofanya upanga wake. Ukikaza macho utaona kwamba ile ya katikati ya upanga ina ukungu, wala si nukta safi kama zilizobaki. Huo ukungu ndio nebula. Darubini ndogo ya macho mawili inatosha kukuonesha kuwa ni wingu.

Watu wa pwani yetu wana nafasi nzuri sana. Nebula iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta ya mbingu, kwa hiyo inapofika kilele chake hupita karibu na utosi wa mtu aliye Mombasa, Pemba, Unguja au Dar es Salaam. Walioko Ulaya huitazama ikiwa imeinama upande wa kusini, nyuma ya hewa nzito zaidi.

Umbali wake ni takriban miaka ya nuru 1,300. Ndani yake mna maelfu ya nyota, nyingi zikiwa na umri wa miaka milioni 1 hadi 3. Linganisha na Jua, lenye miaka bilioni 4.6. Katikati ya fungunyota kuna nyota kubwa nne zilizosongamana ziitwazo Trapezi, na iliyo kubwa kuliko zote, Theta-1 Orionis C, ndiyo inayoiangaza nebula nzima kwa mwanga wake wa urujuanimno. Nyuma ya hayo yote limelala wingu zito la gesi na vumbi ambalo jicho halipenyi, na humo nyota zinaendelea kuzaliwa.

Eksirei hizi ni zilezile za hospitalini?

Kwa asili ni zilezile, yaani ni mwanga wenye mawimbi mafupi mno. Za hospitalini huwa na nguvu zaidi: fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, hubeba nishati ya makumi ya maelfu ya elektrovolti ili iweze kupenya mwili. Zile ambazo wanaastronomia huzipokea kutoka kwa nyota changa ziko hasa kati ya elektrovolti 500 na 8,000. Halafu hospitalini mashine ndiyo inayokupiga miale na kivuli cha mifupa yako kubaki kwenye picha. Huku angani chanzo cha miale ni nyota yenyewe, na kazi yetu ni kuipokea tu.

Uso wa nyota ndogo una nyuzi elfu chache. Eksirei zinatoka wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na nitalijibu bila haraka.

Uso wa Jua una nyuzi 5,800 hivi kwa kipimo cha Kelvini, na nyota changa nyingi za Jabari zina uso wa baridi zaidi, nyuzi 3,000 hadi 5,000. Kitu chenye joto la kiasi hicho hutoa mwanga wa kawaida na infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa jicho. Ili gesi itoe eksirei inahitaji mamilioni ya nyuzi. Kwa hiyo nyota inapotoa eksirei, jua kwamba zipo sehemu zake zilizopashwa moto kwa njia nyingine kabisa, mbali na tanuri la nyuklia lililo kwenye kiini.

Njia hiyo ni sumaku. Ndani ya nyota gesi moto hupanda, hupoa, kisha hushuka, na wakati huohuo nyota nzima inajizungusha. Gesi hiyo imejaa elektroni zilizo huru na ioni (atomi zilizopoteza elektroni), yaani ni plazma, na mwendo wake wa kupanda, kushuka na kuzunguka huzalisha uga sumaku. Uga huo huchomoza nje ya uso kwa umbo la matao. Miguu ya matao imeshikwa na gesi inayochemka chini, kwa hiyo haitulii, na matao husokotwa na kuvutwa mwaka baada ya mwaka. Mistari ya sumaku inapozidi kubanwa hukatika na kujiunga upya kwa mpangilio mwingine, na nishati iliyokuwa imehifadhiwa humwagika mara moja. Elektroni hukimbizwa kwa kasi kubwa hadi chini, huiunguza gesi ya uso, nayo gesi hupanda na kulijaza tao ikiwa na joto la mamilioni ya nyuzi. Katika joto hilo elektroni hupita karibu na ioni na kupindishwa njia, na kila ikipindishwa hutoa eksirei. Ioni za chuma, neoni na oksijeni nazo huongeza mistari yao mahususi ya mwanga.

Tabaka hilo la plazma moto juu ya uso huitwa korona. Jua linayo, na ndiyo tunayoiona kama taji jeupe wakati wa kupatwa kwa Jua. Kwa kawaida korona ya Jua ina nyuzi milioni 1 hadi 2. Ya nyota changa hukaa kwenye milioni 10 na zaidi, na wakati wa mlipuko hufika milioni 100.

Nawaomba wasomaji mlishike hilo kabla ya kuendelea. Picha ya eksirei ya fungunyota changa ni picha ya sumaku iliyo kazini. Joto la uso wa nyota halionekani humo.

Kwa nini nyota changa hutoa nyingi kuliko nyota zee?

Zina mambo mawili ambayo Jua limeyapoteza. Kwanza, huzunguka haraka. Jua hujizungusha mara moja kwa siku 25 hivi, ilhali nyota changa nyingi hutumia siku 2 hadi 10. Pili, nyota changa ndogo huchemka kutoka kiini hadi usoni, wakati katika Jua la leo ni theluthi ya nje tu inayochemka. Mzunguko wa haraka ukikutana na gesi inayochemka kila mahali, sumaku inakuwa kali.

Matokeo yake ni kwamba nyota changa yenye uzito kama wa Jua hutoa eksirei mara maelfu kuliko Jua la leo. Kuna kikomo, lakini. Nyota hizi hufikia hatua ambapo eksirei ni takriban sehemu moja ya elfu ya mwanga wote zinaoutoa, na hapo hata zikizunguka haraka zaidi kiasi hakiongezeki. Zinapozeeka, upepo wao wenyewe huzipunguzia kasi ya mzunguko, sumaku hulegea, na eksirei hupungua pole pole kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Nani aliyegundua kwamba Nebula ya Jabari inatoa eksirei?

Jibu linapita Malindi. Eksirei haziwezi kupenya angahewa ya Dunia, kwa hiyo uchunguzi wake ulisubiri roketi. Mwaka 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi nchini Marekani kilirusha roketi iliyogundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa Jua, katika kundinyota la Nge. Roketi ile ilikaa juu dakika chache tu. Kilichohitajika ni setilaiti ya kukaa angani miezi na miaka.

Setilaiti hiyo, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco. Jukwaa hilo ni la Waitalia na lilisimamishwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya ikweta: roketi hupata msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa Dunia, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaosumbua vifaa.

Uhuru ilipima anga yote na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Eneo la Nebula ya Jabari lilikuwamo. Vifaa vya wakati ule havikuwa na kioo cha kutengeneza picha, kwa hiyo fungunyota zima lilionekana kama chanzo kimoja. Kwamba ni nyota nyingi, kila moja ikiwaka kivyake, kulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia darubini ya angani iliyoitwa Einstein, iliyokuwa na vioo.

Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Ningependa kila mtoto anayesoma sayansi Kilifi, Lamu au Tanga ajue kwamba ukurasa huo wa historia uliandikwa kwenye maji ya pwani yao.

Uchunguzi mkubwa wa Jabari ulifanywa lini, na kwa chombo gani?

Januari 2003, kwa darubini ya Chandra. Chandra ni ya shirika la NASA na ilipelekwa angani Julai 1999 na chombo cha kubeba wanaanga (space shuttle) kiitwacho Columbia, kilichoongozwa na Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa safari ya aina hiyo. Jina ni la heshima kwa Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia aliyezaliwa Lahore mwaka 1910 na kupata Nobel mwaka 1983.

Wanasayansi wakiongozwa na Eric Feigelson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliomba jambo ambalo si la kawaida: darubini itazame sehemu moja tu ya anga kwa takriban siku 13 mfululizo. Muda halisi wa kupokea mwanga ulikuwa sekunde 838,000 hivi, karibu siku 10. Zilizobaki zilipotea kwa sababu katika kila mzunguko Chandra hupita kwenye mikanda ya mnururisho inayoizunguka Dunia, na kamera hulazimika kufungwa.

Vyanzo 1,616 vilihesabiwa katika kipande cha anga kidogo kuliko Mwezi mpevu unavyoonekana. Takriban 1,400 kati yake ni nyota changa za fungunyota lenyewe. Vilivyobaki ni hasa galaksi za mbali sana zenye mashimo meusi, ambazo eksirei zake zilipenya wingu zima kutoka nyuma, pamoja na nyota chache zilizo mbele.

Kilichoufanya uchunguzi huu uwe wa thamani ni ule muda. Picha ya saa tatu ingekuonesha nyota zipo. Siku 13 zinakuonesha jinsi zinavyoishi: nyota inazunguka mara kadhaa mbele ya macho yako, inalipuka, inatulia, inalipuka tena, na unafuatilia nyota 1,400 kwa wakati mmoja.

Darubini ya eksirei inafanyaje kazi? Si miale hiyo hupenya vioo?

Hupenya au humezwa, kama ikikipiga kioo uso kwa uso. Lakini ikija kwa pembe ndogo sana, karibu sambamba na uso wa kioo, huruka. Mtoto anayerusha kijiwe bapa ziwani anajua kanuni hii: ukikitupa wima kinazama, ukikitupa kwa ulalo kinaruka juu ya maji. Vioo vya Chandra kwa hiyo havifanani na sahani za darubini za kawaida. Ni mapipa manne yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, yamelainishwa kwa ufundi wa hali ya juu na kupakwa madini ya iridi. Miale hugusa kuta za ndani mara mbili, kisha hukutana kwenye kamera iliyo mita 10 nyuma.

Kamera huandika kila fotoni moja moja: imeangukia wapi, saa ngapi, na ikiwa na nishati kiasi gani. Vyanzo hafifu kabisa vya Jabari vilileta fotoni chini ya kumi kwa uchunguzi mzima. Kutambua chanzo kutokana na fotoni hizo chache kunawezekana kwa sababu Chandra hutenganisha vitu vilivyo nusu sekunde ya tao kutoka kimoja hadi kingine (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe), na kwa sababu kati ya nyota anga ya eksirei ni giza kwelikweli.

Rangi kwenye picha za eksirei ni za kweli?

Jicho la binadamu halina rangi ya eksirei, kwa hiyo rangi huchaguliwa na mwanadamu. Hata hivyo uchaguzi wenyewe una maana. Kwenye picha maarufu ya Jabari fotoni za nishati ndogo zilipewa rangi nyekundu na za nishati kubwa rangi ya samawati. Gesi na vumbi humeza eksirei za nishati ndogo kwanza na kuziachia za nishati kubwa zipite. Basi ukiona nukta nyekundu au njano, hiyo ni nyota iliyo upande wetu wa wingu, na ukiona ya samawati, mara nyingi ni nyota iliyozama ndani yake. Picha inakupa kina.

Milipuko ya nyota hizi ni mikubwa kiasi gani?

Mikubwa kuliko tunavyozoea kwa Jua, kwa mbali. Watafiti walichagua nyota 28 za Jabari zenye uzito unaokaribia wa Jua na kuzifuatilia katika data zile za 2003. Kwa wastani kila moja ililipuka mara moja kwa wiki hivi, na milipuko hiyo ilikuwa na nguvu kupita mlipuko wowote wa Jua uliowahi kupimwa kwa vyombo vya kisasa. Mlipuko wa kawaida hupanda kwa saa chache, kisha hushuka kwa nusu siku au zaidi.

Jinsi mlipuko unavyopoa huwaambia wanafizikia urefu wa tao lililoushika. Katika Jua matao ni mafupi kuliko nusu kipenyo chake. Jabari ilikutwa na milipuko michache ambayo hesabu zake zinatoa matao marefu mara 10 ya nusu kipenyo cha nyota, na hata zaidi. Mwanzoni ilifikiriwa kwamba matao hayo lazima yawe yameunganisha nyota na sahani ya gesi inayoizunguka, mguu mmoja huku na mwingine kule. Baadaye ilionekana kwamba hata nyota zisizo na sahani huwa na matao marefu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo zuri kwa sayansi: wazo la kuvutia lilijaribiwa kwa nyota nyingi zaidi, na nyota zikatoa jibu.

Eksirei zote basi ni za sumaku na milipuko?

Nyingi, lakini si zote. Kuna njia nyingine mbili.

Nyota kubwa kabisa hazina tabaka la nje linalochemka, kwa hiyo hazipaswi kuwa na korona kama ya Jua. Zenyewe hutoa upepo mkali wa kasi ya kilomita elfu moja au mbili kwa sekunde, na mawimbi ya upepo huo yanapogongana gesi hupata joto la mamilioni ya nyuzi. Theta-1 Orionis C imeongeza la kwake. Mwaka 2002 ilithibitishwa kuwa ina uga sumaku wenye nguvu ya zaidi ya gausi 1,000. Sumaku hiyo huushika upepo wa nyota kutoka nusu ya kaskazini na nusu ya kusini na kuuelekeza kwenye ikweta, ambako mikondo miwili hukutana uso kwa uso na kuwaka. Eksirei zake huongezeka na kupungua kwa kipindi cha siku 15.4, sawa na mzunguko wa nyota yenyewe.

Njia ya pili ni ya gesi inayoanguka. Nyota changa nyingi bado zinakula kutoka kwenye sahani zao, na gesi hufuata mistari ya sumaku na kuupiga uso wa nyota kwa kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Pigo hilo huzalisha joto la nyuzi milioni 3 hivi. Ushahidi bora haukutoka Jabari. Ulitoka kwa TW Hydrae, nyota iliyo jirani zaidi, miaka ya nuru 200 hivi kutoka hapa. Eksirei zake zinatoka kwenye gesi nzito mno kuliko korona yoyote, kama inavyotarajiwa mahali ambapo gesi imegandamizwa kwa kuanguka. Cha kushangaza ni kwamba katika Jabari nyota zinazokula gesi hutoa eksirei kidogo kuliko zile zilizokwisha kumaliza sahani zao, japo tofauti si kubwa.

Nyota huanza kutoa eksirei ikiwa na umri gani?

Mapema sana. Desemba 2017 Chandra iliona mlipuko wa saa tatu na dakika 20 kutoka HOPS 383, kitoto cha nyota kilichomo katika wingu lilelile kubwa la Jabari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kitu hicho kiko katika hatua ya mwanzo kabisa, ambapo sehemu kubwa ya gesi ya nyota bado iko nje na inaendelea kuporomoka ndani. Sumaku, basi, huanza kazi kabla nyota haijamaliza kujijenga.

Kwa nini mtu atumie eksirei kuhesabu nyota changa, na darubini za infraredi zipo?

Infraredi ni hodari kwa nyota zenye sahani, kwa sababu vumbi la sahani huwaka katika mawimbi hayo. Nyota changa iliyokwisha kupoteza sahani yake, kwa infraredi, haina tofauti na maelfu ya nyota zee zilizotapakaa mbele na nyuma yake. Kwa eksirei inajitambulisha papo hapo, maana hizo nyota zee ni hafifu mara maelfu. Ndiyo maana sensa nzuri ya fungunyota hutumia vyote viwili. Ukitegemea infraredi peke yake unahesabu wenye sahani na kuwasahau ndugu zao wa umri uleule.

Sayari zinazozaliwa huko zinadhurika?

Zinaathirika, na athari si ya upande mmoja. Sayari huundwa katika sahani za gesi na vumbi, na sahani hizo zinamulikwa na eksirei za nyota usiku na mchana, kama maneno hayo yana maana mahali pale. Kwamba eksirei huifikia sahani si dhana tupu: baadhi ya nyota za Jabari zina mstari wa mwanga wa chuma wenye nishati ya elektrovolti 6,400, ambao hutolewa na chuma baridi kinapopigwa na eksirei kutoka nje. Chuma hicho kimo kwenye sahani.

Eksirei zikigonga gesi hung'oa elektroni zake. Gesi iliyong'olewa elektroni hushikwa na uga sumaku, hukorogeka, na kuanza kutiririka kuelekea kwenye nyota. Tabaka la katikati ya sahani, ambako eksirei hazifiki, hubaki tulivu zaidi, na wapo wananadharia wanaodhani huko ndiko chembe za vumbi hupata nafasi ya kushikana. Wakati huohuo uso wa sahani hupashwa moto hadi maelfu ya nyuzi na gesi yake huvuja kwenda angani. Sahani zikiisha gesi baada ya miaka milioni chache, sayari kubwa za gesi kama Mshtarii lazima ziwe zimekwisha kujijenga.

Halafu kuna angahewa za sayari changa, ambazo eksirei huzitanua na kuzipunguza. Dunia yetu ilijijenga pole pole, kwa makumi ya mamilioni ya miaka, chini ya Jua lililokuwa bado kali.

Kuna ushahidi wowote kwamba Jua lilikuwa hivyo?

Hatuwezi kurudi nyuma kulipima, lakini nyota za uzito wake katika mafungunyota ya umri mbalimbali zinaonesha mwelekeo uleule bila ubishi: changa kali, zee pole. Vimondo navyo vina neno. Baadhi yake vina mabaki ya elementi nururifu zilizoishi muda mfupi, kama alumini-26. Kikundi cha Feigelson kilipiga hesabu mwaka 2002 kwamba milipuko ya Jua changa ingerusha protoni nyingi kiasi cha kutengeneza sehemu ya elementi hizo papo hapo kwenye sahani. Wengine wanashikilia kwamba alumini-26 ililetwa na nyota kubwa iliyokuwa jirani. Mjadala bado ni hai.

Eksirei za Jabari zinaweza kutudhuru sisi?

Hapana. Umbali ni mkubwa mno, na angahewa ingezimeza zote hata zingekuwa nyingi.

Anga kati ya nyota hizo ni tupu?

Si tupu. Mwaka 2008 watafiti waliotumia darubini ya Ulaya XMM-Newton walitangaza kwamba sehemu ya nebula imejaa plazma ya takriban nyuzi milioni 2, inayotoa eksirei hafifu zilizosambaa. Chanzo chake ni upepo wa nyota kubwa za Trapezi, unaotoboa gesi baridi na kumwagikia kwenye pango lililo pembeni.

Mafungunyota mengine yamechunguzwa?

Mengi. Eneo la Carina, lenye nyota kubwa nyingi kuliko Jabari, lilitoa vyanzo zaidi ya 14,000 katika orodha iliyochapishwa mwaka 2011. Miaka kumi baadaye Konstantin Getman na Feigelson walikusanya data za Chandra kutoka maeneo 40 ya kuzalisha nyota na kupata milipuko mikubwa zaidi ya 1,000. Kwa nyota kubwa ningekwenda Carina, lakini kwa nyota zinazofanana na Jua ningerudi Jabari, kwa kuwa ni jirani na unaziona moja moja.

Mimi ni mwanafunzi. Naweza kuzipata data hizi?

Unaweza, bila malipo. Hifadhi ya data za Chandra iko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, na uchunguzi wote wa 2003 umo. Programu za kuchambua ni mbili, nazo pia ni za bure: DS9 ya kutazama picha, na CIAO ya kupima, inayoendeshwa kwenye Linux au kompyuta za Mac. Mafaili ni makubwa, kwa hiyo anza na kipande kimoja. Uchunguzi namba 3744 una saa 45 hivi za mwanga na unatosha kwa kazi ya kujifunza. Ufungue kwa DS9, chagua nyota moja angavu iliyo mbali na Theta-1 Orionis C, maana hiyo imezidi kung'aa hadi kamera ikachanganya fotoni zake. Zungushia duara, toa orodha ya fotoni zilizoangukia ndani, kisha chora idadi yake kwa kila saa. Mstari ukipanda ghafla na kushuka taratibu, huo ni mlipuko. Usipouona, chagua nyota nyingine.